Gari la kulala ufukweni Matema: familia ya watu sita bila bomba wala umeme

Kwa yeyote anayefikiria kukodi gari la kulala hapa jijini Mbeya ili kuwapeleka wageni Matema, kando ya Ziwa Nyasa, swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari ni ukubwa wa tangi la maji, kwa kuwa anayeegesha ufukweni, mbali na nyumba za wageni, hana bomba la kuunganisha wala mahali pa kuchomeka waya. Gari tulilokodi sisi ni Toyota Coaster iliyong'olewa viti vya abiria na kufanywa nyumba ndogo, yenye kitanda kipana nyuma, viti viwili virefu vinavyokunjuliwa kuwa vitanda, jiko la gesi, sinki, friji ndogo na choo cha kubebeka kilichowekwa kwenye kona yenye pazia. Tangazo lilisema linatosha watu sita, na sita ndio tuliokuwa: mimi na mume wangu, pamoja na mama mkwe, wifi yangu na watoto wake wawili, waliotoka Tanga kututembelea wakati wa likizo ya Juni. Nalisifu gari hili kwa mengi, lakini hesabu hiyo ya watu sita inafaa mahali penye huduma zote, haifai Matema.

Njiani halikutusumbua. Kutoka Uyole barabara hupanda kwanza hadi Isyonje, kisha hushuka kupitia Tukuyu hadi Kyela, na mtu aliyeanza safari kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 hujikuta kando ya ziwa lililo kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Gari lililobeba maji, gesi na familia nzima halipaswi kushushwa mteremko huo kwa kutegemea breki peke yake. Mume wangu alitumia gia ndogo mapema, na injini ilistahimili vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye kabati, ambazo milango yake hushikwa na sumaku tu, kiasi kwamba kila kona kali ilitumwagia vikombe sakafuni mpaka tulipoifunga kwa kamba za mpira.

Tangi la maji safi ni la lita 80. Tuliambiwa kwamba linatosha siku mbili, na huenda ni kweli kwa watu wawili, lakini ndoo ya lita 10 ya kuoga kwa kila mmoja wetu ni lita 60 tayari, kabla ya kupika, kuosha vyombo na udhu wa mama mkwe. Kesho yake kabla ya adhuhuri pampu ilianza kukoroma. Koki ya sinki nayo inachangia, kwa sababu pampu yake hutoa maji kwa nguvu isiyopunguzika. Wifi yangu alipoona sahani moja inavyosuuzwa kwa maji mengi namna ile, aliifunga, akatandika mabeseni mawili nje, na tangu hapo vyombo vyote vilioshwa kwa maji ya kuteka kwa kopo. Mwenye gari angetoa madumu matatu au manne matupu pamoja na gari, mzigo huu ungepungua sana, kwa kuwa maji ya kunywa na kupikia yanapatikana kijijini kwa kuagiza bodaboda.

Ziwa Nyasa halina chumvi, jambo ambalo watoto waliolelewa kando ya bahari waliliona kama ajabu, na ni rahisi kudhani kwamba tatizo la maji limekwisha hapo. Kuna kichocho, na kwa hiyo maji ya ziwa tuliyoyatumia kuoshea vyombo tuliyachemsha kwanza, na watoto waliogelea pale penye mchanga mweupe na mawimbi tu, mbali na matete na midomo ya mito.

Maji machafu ya sinki yametengenezewa njia ya mkato nisiyoikubali kabisa: mrija wa plastiki unaoyashusha moja kwa moja chini ya gari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaukinga ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazouharibu, na hata kama sheria isingekuwepo, pale pale wenyeji huteka maji na kuanika usipa, dagaa wa ziwa hili. Tuliweka ndoo chini ya mrija huo na kwenda kumwaga mbali na ufuo.

Kuhusu choo, nitasema wazi, kwa sababu matangazo hayasemi. Kisanduku chake ni cha lita 20, na kwa watu sita kilijaa haraka kuliko tulivyoambiwa. Zito zaidi ni sitara. Pazia lile liko hatua mbili tu kutoka mahali alipolala mama mkwe, na hakuna mkamwana wala mkwe anayeweza kukitumia choo hicho usiku bila kuona haya. Huku Unyakyusa, ambako desturi ya zamani ilimtaka mkamwana amwepuke baba mkwe wake hata njiani, nadhani hakuna familia ambayo ingekubali mpango huo hata kidogo. Tulikihamishia kwenye kihema chembamba nje, mimi na mume wangu tukalala kwenye hema letu kubwa, na wageni wakabaki na gari. Baada ya hapo kila kitu kilikaa sawa: watu wanne walipata nafasi ya kugeuka, kusali na kubadilisha nguo kwa heshima. Kisanduku tulikwenda kukimwaga kwenye choo cha shimo cha nyumba moja ya wageni, kwa malipo kidogo.

Umeme unatoka kwenye betri mbili za volti 12, kila moja ya ampea-saa (Ah) 100. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa (Wh) 2,400, lakini betri za asidi kama hizi hazipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zilizopo kweli ni kama 1,200, ambazo friji, feni, taa na kuchaji simu humaliza kwa siku moja. Paneli ya wati 200 imefungwa juu ya paa, na hapo ndipo ugumu ulipo: ukiegesha chini ya mti ili wazee wapate kivuli, paneli nayo imo kivulini. Matema ina jambo lake jingine pia, kwamba Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki na jua la asubuhi huchelewa kufika ufukweni. Kabla ya jua kuzama siku ya pili friji ilikuwa imezimika, na mbasa, samaki wa ziwa hili, aliyenunuliwa alfajiri kwa wavuvi ikabidi apikwe wote mara moja. Alipikwa na mama mkwe kwa nazi alizozibeba kutoka Tanga, akaliwa na wali wa mchele wa Kyela, na jiko hilo la gesi sina neno nalo.

Madirisha hayana wavu, na bonde la Kyela lina mbu na malaria. Chandarua kwa kila kitanda si hiari. Ndani kumebandikwa zulia zito kwa ajili ya baridi ya Mbeya, linalohifadhi joto kupita kiasi hata mwezi wa Juni. Sidhani kama ningelala humo Oktoba.

Mama mkwe alitaka gari lisogezwe nyuma kwa kuhofia maji kujaa usiku, kama yanavyofanya Tanga, tukamweleza kwamba ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Hata hivyo tulilisogeza, na alikuwa na haki: upepo wa kusini ukivuma juu ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 550, mawimbi hupanda mbali kwenye mchanga.

Mwenye gari alitufundisha kila kitufe kabla ya kuondoka, alipokea simu usiku pampu ilipokwama, na aliturudishia dhamana yote bila ubishi. Nilipomweleza haya, alikubali kuweka komeo kwenye kabati, ndoo yenye mfuniko chini ya sinki, na waya wa mita 10 ili paneli iweze kuwekwa juani gari likiwa kivulini. Tangazo bado linasema watu sita.