Jioni Nane za Kujifunza Kutoa: Tathmini ya Somo la Fedha katika Kanisa Moja la Kadutu

Kwa muda wa wiki nane, kila Jumatano saa kumi na moja jioni, nilihudhuria somo la fedha na utoaji linaloendeshwa na kanisa moja la Kiprotestanti hapa Kadutu, Bukavu. Mwanafunzi hulipa faranga 5,000 za Kongo na kupewa daftari na kalamu, na asiye na uwezo wa kulipa huandikwa jina bila kuulizwa swali. Niliingia nikiwa na mashaka, kwa sababu nimekwisha kukaa katika mafundisho mengi ambayo mwisho wake ni bahasha: unaambiwa upande mbegu ya dola kumi ili uvune mia, na usipovuna unaambiwa imani yako ilikuwa ndogo. Somo hili halikuwa hivyo, na ndiyo maana ninaona linastahili kuelezwa kwa urefu, wema wake pamoja na lile lililoniumiza.

Jioni ya kwanza hakuna aliyefungua Biblia. Mwalimu wetu, mama aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, alituomba tuandike fedha zote zilizopita mikononi mwetu wiki iliyotangulia: zilizoingia upande mmoja, zilizotoka upande wa pili, na madeni chini kabisa. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kupima na kuhesabu, na nilidhani ninajua vizuri kipato changu. Nilipomaliza kuandika niliona kwamba vocha za simu na nauli za pikipiki zilikuwa zimekula fedha nyingi kuliko unga, na kwamba nilidaiwa dola 45 na mama anayeniuzia vitenge, ilhali miezi yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu asiye na deni, kwa kuwa yule mama ni rafiki yangu na hanisumbui. Mwalimu alipita nyuma yangu, akasoma, akainama na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, hizi arobaini na tano ni za mwenzako. Ukizitoa kanisani, utakuwa umemtolea Mungu mali ya mtu mwingine." Sijasahau maneno hayo, na sikumbuki mahubiri yoyote juu ya fedha yaliyonigusa kiasi hicho.

Jioni ya pili na ya tatu zilihusu matumizi ya nyumbani, kodi na karo za shule, na mtu aliyewahi kupanga bajeti hatapata jipya sana humo.

Ya nne ndiyo iliyotutikisa. Kila mkaaji wa Bukavu anajua kwamba dola iliyochanika hata kidogo, au iliyoguswa na wino, haipokelewi: muuza duka anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, kisha anakurudishia. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa kwa wazee wa kanisa, akatuletea noti kadhaa zilizotoka katika kikapu cha matoleo cha Jumapili iliyopita. Aliziweka mezani moja moja: moja imepasuka pembeni, nyingine imeunganishwa kwa utepe wa kunata, nyingine ina namba ya simu iliyoandikwa juu ya uso wa rais. Akauliza ni nani kati yetu angeweza kununua sukari kwa noti hizo pale sokoni. Hakuna aliyejibu. Kisha tukasoma sura ya kwanza ya Malaki, mahali ambapo nabii anawauliza watu waliokuwa wakitoa wanyama vipofu na vilema kama mtawala wao angekubali kupelekewa zawadi ya namna hiyo. Ninakiri kwamba mimi nilikuwa nimetia noti kama hizo kikapuni zaidi ya mara moja, nikijiambia kwamba Mungu anatazama moyo. Moyo wangu ulikuwa unatafuta mahali pa kuitupa noti.

Jioni ya tano ilinifaa mimi na wenzangu tusio na mshahara. Fungu la kumi ni rahisi kulieleza kwa mtumishi wa serikali anayelipwa mwisho wa mwezi, lakini fundi wa nguo hupata kazi nyingi kabla ya tarehe 8 Machi, wakati wanawake wanaposhonesha vitenge vya siku yao, halafu mwezi wa Septemba kwa sare za shule, halafu Desemba; miezi mingine cherehani hupumzika. Mwalimu alitupeleka kwa Paulo, ambaye katika sura ya mwisho ya barua ya kwanza kwa Wakorintho anawaagiza waumini watenge akiba kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Tangu hapo nina kikopo cha maziwa juu ya kabati ambamo ninatenga sehemu Jumamosi usiku, iwe faranga 500 au dola tano, badala ya kusubiri Jumapili asubuhi na kupapasa mkoba huku kwaya imekwisha kuanza wimbo wa matoleo.

Jioni ya sita aliitwa mama mtunza fedha wa muso, kikundi cha akiba na kusaidiana ambacho watu wengi wa Kivu ya Kusini wanakifahamu. Alieleza makasha matatu: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la kusaidia mwanachama aliyepatwa na ugonjwa au msiba, na la buluu ni la fedha zinazotoka nje ya kikundi. Akatuomba tutazame hasa lile jekundu, kwa sababu kinachoingia humo hakirudishwi kwa aliyekitia, wala hakizai faida. Kisha mwalimu akauliza ni nani aliyepokea wageni mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei na watu wa Goma wakashuka kwa boti mpaka kwetu. Karibu mikono yote ilipanda. Nyumbani kwetu walilala watu tisa juu ya mikeka, tukala ugali na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kutoka sufuria moja, na hakuna aliyeandika hesabu. Alisema kwamba tulikuwa tumekwisha kujua kutoa kabla ya kufundishwa, na kwamba kazi iliyobaki ni kufanya hivyo hata siku ambayo hakuna mlima unaowaka.

Sasa nifike kwenye kasoro. Jioni ya mwisho, kiongozi mmoja ambaye hakuwa amehudhuria hata siku moja alikuja kupokea ahadi zetu kwa ajili ya ujenzi, akazisoma kwa sauti, jina na kiasi, kuanzia kubwa hadi ndogo. Mjane mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye kwa wiki saba hakukosa, alikunja daftari lake na kutoka kabla jina lake halijafikiwa. Wiki mbili kabla yake tulikuwa tumejifunza juu ya mkono wa kushoto usiojua unachofanya mkono wa kuume. Niliuliza pia kama kanisa lingetuonyesha hesabu zake kama sisi tulivyoonyesha zetu, nikajibiwa kwamba jambo hilo litazungumzwa baadaye. Paulo mwenyewe, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asimlaumu kwa habari ya karama ile. Somo linalodai daftari la mshonaji liwe wazi lingepaswa kufungua na daftari la madhabahu.

Kuna mambo madogo pia: vichwa vya majedwali katika daftari vimechapwa kwa Kifaransa, jambo lililowachelewesha mama wengi, na umeme ukikatika taa ya akiba huangaza safu za mbele tu. Mwalimu hufundisha kwa Kiswahili chepesi, na ukikwama anakueleza kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa huku.

Hata hivyo ninawashauri wenye kazi za mikono na wachuuzi wajiandikishe, hasa kwa ajili ya jioni ya kwanza, ya nne na ya sita. Mwalimu ameniambia kwamba katika duru ijayo ahadi zitaandikwa kwenye karatasi zilizokunjwa, bila majina. Mjane yule amekubali kurudi, nami nitakaa naye. Deni langu la vitenge limebaki dola 15.