Uzoefu wangu na Parable of the Sower: binti, begi na barabara ya 101

Nitangulize hukumu. Anayetafuta riwaya ya kubuni ya kisayansi inayomfaa kijana, yenye shujaa Mmarekani mweusi, na anayetaka safari na hatari pamoja na kitu cha kufikiria, aanze na Parable of the Sower ya Octavia Butler. Ila asije na matarajio ya vyombo vya anga na bunduki za miali. Humu mna msichana wa miaka kumi na mitano, ukuta unaozunguka mtaa, begi lililofichwa, na baadaye barabara kuu ya 101 iendayo kaskazini mwa California. Sayari ya Mihiri inatajwa mapema, kwenye habari za mwanaanga aliyefia huko, na mgombea urais anayeahidi kufuta safari za anga anashinda uchaguzi. Mbingu zipo kwenye hadithi, lakini kama deni ambalo binadamu amelikwepa.

Kitabu kilitoka mwaka 1993 na matukio yake yanaanza Julai 2024, yaani tarehe zake za mwanzo tumeshazifikia. Lisikusumbue hilo. Butler hakuwa akipiga ramli; alichukua mambo aliyokuwa akiyaona Marekani, joto linaloongezeka, maji yanayopanda bei, matajiri wanaojifungia nyuma ya mageti, akayaacha yaende yanakoelekea. Katika Robledo, kitongoji cha kubuni kilomita thelathini na kitu kutoka Los Angeles, maji ni ghali kuliko petroli, polisi na zimamoto hudai malipo kwanza, na mvua ikinyesha baada ya miaka sita watu hutoa nje kila chombo kinachoweza kukinga tone. Magari mengi yamekufa. Ajira zimekauka. Hakuna vita ya nyuklia wala virusi vya kutisha. Nchi inaoza kidogo kidogo huku serikali bado ipo na uchaguzi unafanyika. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kinapowazidi wenzake wa aina hii, ambao hulazimika kuilipua dunia ukurasa wa kwanza ili hadithi ianze.

Shujaa anaitwa Lauren Oya Olamina. Baba yake ni mchungaji wa Kibaptisti na mwalimu wa chuo, mama wa kambo anafundisha watoto wa mtaa, na nyuma yake wapo wadogo wanne wa kiume. Jina la ukoo ni la Kiyoruba, la kuchukuliwa miaka ya 1960, wakati Wamarekani weusi wengi walipokuwa wakijitafutia majina ya Afrika. (Ni zama hizo hizo ambapo Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanza mwaka 1966, ilichota maneno yake kwenye Kiswahili chetu.) Hadithi yote ni shajara yake, yenye tarehe juu ya kila sehemu, na ndiyo maana Kiingereza chake hakichoshi: sentensi fupi, maneno ya kawaida, hakuna maelezo ya kuzungukazunguka. Msomaji wa kidato cha tatu au cha nne aliyezoea kusoma ataimudu.

Sasa begi. Katika sura ya saba Lauren anaorodhesha kitu kimoja kimoja alichokifungasha kwa siku ambayo ukuta utavunjwa, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Begi lenyewe ni foronya mbili kuukuu, moja ndani ya nyingine. Mna kishoka, sufuria mbili ndogo nyepesi, maji, kiberiti, nguo za kubadilisha, viatu, sabuni, mswaki, sindano na uzi, pini, spiriti, aspirini, kifungulia makopo, kisu cha mfukoni, kamba ya kuanikia nguo. Chakula ni unga wa matunda ya mwaloni, matunda makavu, karanga na mbegu za kukaanga, maziwa ya unga, sukari na chumvi kidogo. Kisha vinafuata mifuko ya plastiki, daftari, na mbegu mbichi nyingi za kupanda.

Angalia alivyotenganisha mbegu. Za kukaanga ni za kula njiani, haziwezi kuota. Za mbichi haziguswi hata njaa ikibana, maana mtu anayekimbia bila mbegu anafika aendako akiwa ombaomba. Unga nao una kazi yake: matunda ya mwaloni yana tanini kali, chungu na mbaya kwa tumbo, kwa hiyo husagwa na kuloweshwa, na maji humwagwa mara kwa mara mpaka uchungu uishe, ndipo unga ufae kwa mkate. Wenyeji wa asili wa California walifanya hivyo kwa karne nyingi. Lauren amejifunza kwenye vitabu vya baba yake, sambamba na vya huduma ya kwanza, silaha na ujenzi wa vibanda. Miti ipo mtaani na ujuzi upo rafuni.

Kuna jambo linaloharibika hapa, na Butler analieleza kwa ufundi. Lauren anamweleza rafiki yake hofu zake moja kwa moja, kwamba ukuta hautadumu. Rafiki anapeleka kwa wazazi, wazazi wanataharuki, na kesi inafika kwa baba. Baba hamwambii amekosea. Anamwambia kwamba watu huwezi kuwatishia kitu wasichoweza kukizuia ukategemea wakusikilize. Wafundishe. Sema ni begi la tetemeko la ardhi, maana hilo Mkalifornia hawezi kulibishia. Kurasa chache hizo zina faida kwa yeyote anayejaribu kuhamasisha mtaa wake kuhusu mafuriko au moto.

Kipengele cha kisayansi chenyewe ni ugonjwa. Mama mzazi wa Lauren alitumia vibaya dawa ya kuongeza akili alipokuwa mjamzito, na mtoto akazaliwa akihisi maumivu anayoyaona kwa wengine. Akiona mtu anavuja damu, mwili wake unaumia. Ukisimuliwa hivyo unaweza kudhani ni kipawa cha huruma, kama vile vya mashujaa wa katuni. Butler anakifanya kilema chenye kanuni kali: ni lazima aone au aamini kwamba mwenzake anaumia, raha nayo huhisiwa, na aliyepoteza fahamu hamuumizi. Kutokana na kanuni hizo mapigano yote yanabadilika sura. Katika sura ya nne, kwenye mazoezi ya shabaha vilimani, mbwa koko anapigwa risasi lakini hafi. Lauren ndiye analazimika kummaliza akiwa karibu, na pigo linamrudia mwilini. Tangu hapo msomaji anajua hesabu yake: akimjeruhi adui tu, yeye mwenyewe anaanguka na maumivu kabla ya adui. Huyu ni binti mwenye huruma kuliko wote kundini, na kwa sababu hiyo hiyo hana nafasi ya kupiga nusunusu. Sijakutana na riwaya nyingine ya vijana iliyofunga sifa na gharama kwa fundo moja hivi.

Ukuta unaanguka sura ya 14 kati ya 25, Julai 2027. Nasema wazi kwa sababu kila jalada la nyuma husema hivyo, na kwa sababu wasomaji wengi hukwama kabla ya hapo. Nusu ya kwanza ni ya polepole: misiba ya mtaa, wizi wa bustani, kaka mdogo mkaidi anayetoroka nje. Usiiruke. Kila jirani anayetajwa ana kazi baadaye, na anguko halina uzito kama huwajui. Msomaji mvivu afanye hivi: asome sura ya 1 hadi 7 kwa mkao mmoja au miwili, kisha apunguze kasi.

Barabarani ndipo penye safari hasa. Karibu kilomita elfu moja kwa miguu, kwenye barabara kuu za magari ambazo sheria inakataza kuzitembea na kila mtu anazitembea. Maji hununuliwa kwenye vituo vya biashara; ya wachuuzi njiani yanaweza kukuua. Usiku kuna zamu ya ulinzi, na mara ya kwanza zamu inapochukuliwa kimzaha watu wanakaribia kupoteza maisha. Lauren anakata nywele na kuvaa kiume. Wanapoanza ni watatu, yeye, Zahra mweusi na Harry mzungu, na wanapanga namna ya kuonekana: Lauren na Zahra wajifanye mume na mke, Harry awe rafiki, kwa kuwa mweusi na mweupe wakiongozana kama wapenzi watavuta ugomvi wa kila upande. Butler hatoi hotuba juu ya ubaguzi. Ubaguzi unakaa kwenye mpango wa safari pamoja na maji na risasi.

Upande wa utumwa nao umeandikwa kwa macho makavu. Mji wa pwani wa Olivar unajiuza kwa kampuni: ulinzi upo, maji ya bahari yanachujwa chumvi, ila mshahara hautoshi kulipa pango na chakula cha kampuni hiyo hiyo, hivyo deni linakua kila mwezi. Mama wa kambo anatamani wahamie. Baba anakataa, anajua historia. Baadaye unakutana na wahusika waliotoka kwenye mashamba yanayolipa kwa hati za dukani badala ya fedha, ambako mtoto anarithi deni la mzazi. Mtu wa huku aliyesoma habari za manamba kwenye mashamba ya mkonge hatahitaji kufafanuliwa.

Kasoro zipo, na mbili si ndogo. Lauren anabuni imani yake mwenyewe, na kila sura inafunguliwa na beti za imani hiyo. Baadhi zina nguvu. Nyingi zinarudia wazo moja kwamba mabadiliko ndiyo Mungu. Mkristo au Mwislamu thabiti atasuguana nazo, jambo ambalo si baya, lakini kama kazi ya fasihi naona zimezidi. Pili, kundi likifika watu kumi na wanne, wa mwisho wanaingia haraka mno na wanafanana. Andika majina kwenye karatasi kuanzia sura ya 18, vinginevyo utapotea. Naongeza na ya tatu kwa wazazi: humu mna ubakaji, ulaji wa nyama ya watu, maiti za watoto, na uhusiano wa Lauren mwenye miaka kumi na minane na mwanamume wa hamsini na saba, ambao mwandishi hauoni kama tatizo. Mimi naona ni tatizo. Chini ya miaka kumi na mitano ningesubiri.

Kuhusu toleo, maandishi ya kawaida yanatosha, na la kielektroniki lina faida ya kamusi ya papo hapo. La kusikiliza, lililosomwa na Lynne Thigpen, ni zuri mno kwa sauti ya Lauren, ila orodha na tarehe hupita kasi. Lifuate ukiwa na kitabu mkononi. Lipo pia la michoro la Damian Duffy na John Jennings, la mwaka 2020, lililopata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka 2021. Linamfaa anayeogopa kurasa mia tatu, lakini begi limepungua uzito humo, na ukatili ukichorwa hauna pa kujificha.

Mwendelezo, Parable of the Talents wa mwaka 1998, ulishinda tuzo ya Nebula, nyingine ya hadithi za aina hii. Acha mwezi upite kabla ya kuufungua. Ni mkali zaidi, unasimuliwa na sauti kadhaa zinazopingana, na mmojawapo wa wasimulizi hampendi Lauren hata kidogo. Kitabu cha tatu Butler alikianza mara nyingi na hakukimaliza hadi kifo chake mwaka 2006, kwa hiyo usinunue ukidhani ni mfululizo uliofungwa.