Aladin Lite: atlasi ya anga kwa wanaofuatilia nguvu za kwasa

Aladin Lite ni atlasi ya anga inayotolewa na kituo cha data za nyota cha CDS, Strasbourg, Ufaransa. Hufunguka ndani ya kivinjari bila malipo, nami ninaipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini baadhi ya kwasa, yaani viini angavu mno vya galaksi za mbali vyenye mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi, hutoa mawimbi makali ya redio.

Niliijaribu kwa 3C 273, kwasa ambayo Maarten Schmidt alitambua umbali wake mwaka 1963. Katika picha za SDSS, mradi wa kupiga picha za anga kwa mwanga unaoonekana, ilionekana nukta angavu mithili ya nyota, na chini yake, upande wa kulia, mchirizi mwembamba uliofifia. Nukta ile ni nuru ya sahani ya gesi inayozunguka shimo jeusi kabla ya kumezwa. Mchirizi ni mkondo wa plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) unaochomoka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Gesi inayoanguka hivyo inaweza kutoa takriban asilimia 6 hadi 42 ya nishati ya uzito wake, kutegemea kasi ya shimo kujizungusha, ilhali muunganiko wa hidrojeni ndani ya nyota hutoa asilimia 0.7 tu. Tena, tangu kazi ya wanafizikia Blandford na Znajek ya mwaka 1977 inafahamika kwamba huko kujizungusha kwa shimo kwenyewe kunaweza kuulisha mkondo, ndiyo maana mkondo unaweza kubeba nguvu kuliko nuru yote ya sahani.

Nilipohamia ramani ya redio ya NVSS, nukta na mchirizi viligeuka doa moja, kwa kuwa ramani hiyo haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko sekunde 45 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii) ilhali mkondo unaishia kwenye sekunde 23 hivi kutoka kwenye nukta. Lililonifaa zaidi ni kuwepo kwa ramani nyingine ya redio, TGSS ya megahezi 150, iliyopigwa kwa darubini ya GMRT nchini India. Katika masafa hayo ya chini hutawala mawingu ya redio yanayojazwa na mikondo, ambayo huhifadhi nishati iliyomiminwa kwa mamilioni ya miaka na kung'aa pande zote. Kiini, yaani sehemu iliyo karibu na shimo jeusi, kinyume chake, huongezewa mng'ao mkondo unapotuelekea, kwa hiyo anayepima nguvu kwa kiini peke yake hupotoka.

Rangi za picha si vipimo. Ukishakiona chanzo, tumia kielekezi cha SIMBAD (hifadhidata ya vitu vya angani) kilichomo humo humo, kikupeleke kwenye takwimu na makala zake.