Nimeenda kuhuisha leseni ofisini mwenyewe, dada wa macho apewe maua yake ila pale mlangoni warekebishe

Leseni yangu ya udereva ilikuwa imebakiza wiki tatu iishe, nikasema safari hii naenda mwenyewe, maana picha iliyopo ni ya zamani na macho nayo lazima yapimwe. Nimefika hawajafungua nikakuta watu kama thelathini wameshatangulia, wengine wamekaa ukingoni mwa maua, wengine wamesimama na bahasha mkononi. Sasa jamani kilichoniuma siku ile sio foleni, foleni nilishajiandaa nayo.

Kilichoniuma ni kwamba pale mwanzo hakuna mtu anayekuangalia makaratasi. Unachukua namba, unakaa, unaitwa, dirisha la kwanza unapewa fomu unajaza, unaenda kulipia, unarudi na risiti, unakaa tena, halafu ni dirisha la tatu huko ndio mtu kwa mara ya kwanza anashika kitambulisho chako na kukisoma. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja, shati limepigwa pasi limenyooka, amekaa zaidi ya saa mbili, kafika pale anaambiwa mzee wangu hii kopi ni ya upande mmoja, inatakiwa pande zote mbili. Na mashine ya kopi ndani hamna. Mzee akakusanya karatasi zake moja moja akazirudisha kwenye bahasha akatoka, hakujibu kitu. Mimi niliumia sana. Hilo ni jambo la sekunde kumi, wangebandika tu karatasi kubwa getini yenye orodha ya vinavyotakiwa, au mtu mmoja apite kwenye foleni asubuhi akague bahasha za watu, yule mzee angetoa kopi yake na kurudi kabla hata madirisha hayajafunguliwa.

Chumba cha macho sasa. Dada aliyekuwepo pale anajua kazi yake na ana moyo. Mnajua ile chati ya herufi zinazopungua ukubwa kadri unavyoshuka, aliibuni daktari wa macho wa Uholanzi anaitwa Herman Snellen mwaka 1862 na mpaka leo ndio inatumika. Unasimama mita 6, unaziba jicho moja unasoma, halafu la pili. La kulia nikashuka vizuri, la kushoto nikakwama, O naiona kama C. Angeweza kuandika tu "amepita" aite mwingine, kwa sababu macho yote mawili kwa pamoja nilikuwa napita. Lakini akanikalisha akanielezea, kwamba 6/12 maana yake unachokisoma wewe ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 12, na nchi nyingi kiwango cha gari dogo kinaishia hapo hapo. Akaniuliza usiku taa za gari linalokuja zinakusumbua? Nikamwambia ndio, mwaka mzima sasa nilidhani ni uchovu. Akasema nenda kapime miwani kabla hujasafiri usiku. Wanaosema kila kitu kihamie kwenye simu waliangalie hili, simu isingeniuliza hilo swali.

Kwenye picha na alama za vidole haikuchukua muda, ila kuna kitu naomba kila mtu akifanye. Kijana wa kompyuta alipomaliza kuingiza taarifa nikamwomba anigeuzie skrini nisome mwenyewe. Herufi moja ya jina la ukoo ilikuwa imekosewa! Akaifuta akaandika upya pale pale, kwa heshima kabisa, hakununa. Kadi ikishachapishwa na kosa inabidi uanze kuomba upya. Angalia pia madaraja yako, kama una la pikipiki au la lori hakikisha yote yamehamia kwenye leseni mpya, na wa magari makubwa waulize mapema kuhusu cheti cha daktari maana sehemu nyingi wanakidai.

Sistimu ilikata kama dakika arobaini hivi mchana. Walitangaza kwa sauti kila mtu akasikia, na ikirudi waliendelea na namba ile ile, hakuna aliyerukwa. Hapo nawapongeza.

Nikapewa karatasi ya muda ya kuendeshea wakati kadi inatengenezwa. Isome tarehe yake ya mwisho kabla hujatoka na usiikunje kunje mfukoni, ukisimamishwa barabarani ndio leseni yako hiyo.

Stafu nawapa nyota tano, utaratibu nawapa mbili, na hizo tatu zilizopungua zote ziko pale mlangoni. Kabla sijaondoka niliuliza sanduku la maoni liko wapi nikaandika kuhusu ile orodha ya getini na mashine ya kopi, nikaandika pia kumsifia dada wa macho.

Kadi nimeifuata juzi, jina liko sawa. Mkionyeshwa zenu angalieni namba ndogo zilizochapwa pembeni ya kila taarifa, kwenye kadi nyingi 4a ni siku iliyotolewa na 4b ndio siku inayoisha, mimi yangu nimeshaiweka kwenye kalenda ya simu inikumbushe miezi miwili kabla. Miwani nayo nimechukua, na nikiendesha usiku nimeona tofauti. Getini bado hawajabandika kitu.