Chupa ya kuoshea pua: wiki sita za seremala aliyenyooshewa pua

Kwanza nieleze imekuwaje seremala wa Keko akakaa kuandika habari za kitu cha duka la dawa. Nimepasuliwa pua. Si kwa urembo, sura yangu imebaki ileile. Ni ule ukuta wa gegedu unaotenga matundu mawili: wangu ulilalia kushoto tangu nilipopigwa kiwiko uwanjani nikiwa na miaka 19. Tundu la kushoto lilikuwa jina tu. Miaka sita nimeishi kwa matone ya kuzibua pua, yale ambayo kijikaratasi chake kinakuambia usipitishe siku chache. Mimi nilitembea nayo mfukoni kama wazee wanavyotembea na ugoro. Ukishayazoea, pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Unatia, inazibuka, inaziba zaidi ya mwanzo, unatia tena. Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera yake, akatikisa kichwa: "Fundi, hapa utamaliza duka zima na haitazibuka. Ukuta umepinda."

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia. Nusu kaputi, nikazinduka nimejazwa shashi matundu yote mawili, mdomo mkavu kama maranda. Kesho yake shashi ikavutwa. Inavyotoka unadhani haina mwisho, unajiuliza ilikaa wapi yote hiyo. Ndani vikabaki vibao viwili vya silikoni, vimeshonewa kwenye ukuta ili usirudi kupinda, na hivyo nimekaa navyo wiki nzima. Maumivu hayakuwa makubwa nilivyotishwa, Panadol ilitosha. Kilichonitesa ni kuziba. Unalala kwa mito miwili, unapumua kwa mdomo, saa nane usiku ulimi umegandia kwenye kaakaa. Feni nikaizima kwa sababu ilinikausha zaidi, joto la Temeke likanishughulikia.

Hospitali siitaji, maana kazi ya kisu waliifanya vizuri. Ila karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, nesi akanisomea mistari miwili, akaitwa kwingine. Mengine nilimpigia daktari mwenyewe: nisipenge kamasi wiki mbili, chafya niipige mdomo wazi, nisibebe mbao, nisimeze aspirini wala diklofenaki kwa sababu zinaongeza kuvuja damu. Na meno ya mbele ya juu kufa ganzi? Hilo hakuna aliyeniambia kabla. Nilikuwa nayagonga kwa kucha kama mtu anayekagua ubao wenye mchwa. Daktari akasema hutokea, mishipa ya fahamu ya hapo inapita karibu, itarudi. Imerudi karibu yote.

Sasa chupa. Siku vibao vilipotolewa ndipo daktari wangu aliporuhusu nianze kuosha (wengine huanzishwa mapema zaidi, fuata wako). Duka la dawa binti akanitolea boksi: chupa ya plastiki laini ya mililita 240, mrija ndani, kifuniko chenye ncha ya mviringo inayokaa kwenye tundu la pua, na pakiti 30 za chumvi. Shilingi 32,000. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si chupa tu?" Akacheka: "Baba, kaoshe kwanza, kesho utanipigia."

Unainama kwenye sinki, mdomo wazi, unapumua kwa mdomo, unaminya taratibu. Maji yanaingia huku yanatokea kule. Siku ya kwanza niliminya kama naminya gundi, sikio la kulia likaziba puu! Kumbe ni mkono mwepesi tu. Siku ya pili ikalainika gamba moja lililokuwa limenikaa juu kabisa, likashuka lenyewe na maji, jeusi lenye damu, ukubwa wa korosho. Mke wangu aliyekuwa ameshika tochi alikimbia. Mimi nilisimama pale nikavuta hewa kwa tundu la kushoto, tundu ambalo sikuwahi kulitegemea tangu ujana, hewa ikaingia baridi hadi kooni. Hapo ndipo shilingi 32,000 ziliposameheka. Magamba hayo ukiyachokoa kwa kidole unaamsha damu. Nilijaribu mara moja, nikakaa dakika 15 nimeinamia mbele nimebana sehemu laini ya pua, nikajifunza.

Lakini chupa bila maji sahihi ni hatari, na kwenye boksi onyo hilo limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Maji ya bomba usiyapandishe hivihivi kwenye pua yenye kidonda. Chemsha yachemke kabisa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kuna ameba wa maji ya joto ambaye ukimmeza hakufanyi kitu, ila akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo, na wachache sana hupona. Ni nadra, lakini Karachi, Pakistan, wamekufa watu ambao hawakuogelea popote, ikashukiwa maji ya bomba yaliyopandishwa puani wakati wa udhu. Hilo lilinigusa, maana na mimi natawadha mara tano kwa siku. Nikamuuliza ustadhi wa msikiti wetu. Akaniambia kwa sisi Washafii kupandisha maji puani ni sunna, si faradhi, kwa hiyo niache mpaka nipone na udhu wangu uko sawa. Kusujudu nako niliacha wiki ya kwanza, nikasali kwenye kiti, kwa sababu ukiinamisha kichwa damu inagonga usoni kama nyundo.

Pakiti 30 kwa kuosha asubuhi na jioni ni siku 15, zimeisha. Na hapa nina ugomvi na watengenezaji: za kununua peke yake sikuzipata maduka manne, kila mtu ananiuzia boksi zima. Nikajaribu chumvi ya jikoni kwa kukisia, ikaniwasha mpaka machozi. Maji yasiyo na chumvi ya kutosha nayo yanachoma vilevile, inatakiwa gramu 9 kwa lita moja, na kijiko cha nyumbani si mizani. Binti yule yule ndiye aliyeniokoa: "Baba, si ununue tu maji ya drip?" Drip ya chumvi ya nusu lita ni safi, kipimo chake tayari ni hicho hicho cha asilimia 0.9, na bei yake haifiki hata soda tatu. Nakata, namimina kwenye chupa, naweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto ipate uvuguvugu. Ikibaki silazi, namwaga.

Kasoro nyingine. Mrija haukaushiki: niliifunga ikiwa na unyevu siku mbili, ndani ukaota ukungu. Ifungue vipandevipande, ianike. Alama za vipimo zilifutika wiki ya tatu. Nyuzi za kifuniko zikapasuka wiki ya tano, ikawa inavuja mkononi.

Na hili si kosa la chupa ila lazima nilitaje. Maji mengine hujificha kwenye vyumba vya ndani vya uso, halafu hutoka yakipenda yenyewe. Wiki ya nne nilirudi karakana kwa kazi nyepesi, barakoa usoni kwa ajili ya vumbi la msumeno. Akaja mama mmoja na mchoro wa kabati la jiko, kauchora mwenyewe kwa kalamu ya wino. Nikashusha barakoa tuelewane, nikauinamia kusoma vipimo. Saa nzima ilikuwa imepita tangu nioshe. Yakamwagika yote, kwa mpigo, juu ya mchoro. Kijana wangu wa kazi alienda kuchekea nyuma ya rundo la mitiki. Mama wa watu akasema, "Pole baba, mafua hayo," nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo nikimaliza kuosha nainama, nageuza kichwa kulia, kushoto, nasubiri mpaka yaishe.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa zile pakiti na kifuniko. Nimenunua nyingine, na mpya inakaa nyumbani tu. Ile ya zamani nimeikata shingo, nimeipaka mstari mwekundu watu wasije wakachanganya, sasa inakaa kwenye benchi na gundi ya mbao.