Huduma ya bure ya mirathi: nyumba ya babu imetoka kwenye jina la marehemu

Nyota nne. Nyumba tunayoishi ilikuwa bado kwa jina la babu, aliyefariki zamani bila wosia. Paa lilipoanza kuvuja, benki ilikataa kutukopesha: hati si yenu. Mwanasheria wa huduma hii hakuanza na vifungu vya sheria. Alichukua karatasi akachora ukoo mzima, watoto, wajukuu, hadi binamu tuliyepotezana naye. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila mrithi pale ana fungu lake, na kwamba kulipa kodi ya jengo miaka yote hakukunifanya mimi mwenye nyumba. Walituandalia maombi ya usimamizi wa mirathi, wakakagua vyeti vya vifo (kimoja jina la bibi limekosewa herufi moja tu, tukarudishwa mara mbili!), na wakakaa na shangazi aliyedhani tunamdhulumu mpaka akatia saini.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya simu: hazipokelewi. Heri uende mwenyewe asubuhi, na ubebe vyeti halisi, nakala hawazitaki. Hati mpya iko kabatini, ina majina manne.