Rangi ya maji ya nje kwa michoro ya wanafunzi: tathmini kwa kuta za Mtwara na Mikindani

Shule ikipewa ukuta wa makumbusho ichore maisha ya watu wa huku (kubangua korosho, kuvuta nyavu, kuanika mwani, kuchonga vinyago), tunashauri inunue rangi nyeupe ya maji ya kuta za nje na vichupa vya stena (rangi kali ya kukolezea nyeupe). Makopo madogo ya rangi ya mafuta yanang'aa vizuri pale hadwea, lakini kazi hii si yake.

Rangi ya mafuta inataka thina, na mvuke wake haufai kwa darasa zima la watoto. Inakawia kukauka, vumbi linanata. Baya zaidi, inaziba ukuta. Kuta nyingi za pwani hunyonya unyevu kutoka chini. Unyevu ukikosa pa kutokea, rangi hutoka malengelenge, kisha inabanduka vipande vipande. Rangi ya maji hupitisha mvuke, hukauka ndani ya saa moja au mbili, na brashi huoshwa kwa maji tu. Ile ya ndani ya nyumba ni ya bei rahisi, lakini gundi yake ni chache: baada ya masika, ukipitisha kiganja ukutani kinatoka na unga. Msiichukue.

Udhaifu wa rangi ya nje tunausema wazi: nyeupe haiwezi kukolezwa ikawa nyeusi au nyekundu iliyoiva. Stena isizidi mililita 50 kwa lita moja ya rangi. Ikizidi, rangi haishiki, inafutika kwa kitambaa chenye maji. Kwa rangi zilizokolea nunueni kopo la lita moja lililochanganywa kiwandani. Nyekundu na njano kali hupauka haraka ukuta ukitazama magharibi, ilhali zile za udongo, yaani kahawia, hudhurungi na njano iliyofifia, hudumu zaidi. Bahati nzuri ndizo rangi za mpingo, mihogo na ardhi yetu.

Hesabu yake ni hii. Ukuta wa mita 8 kwa 2.5 ni mita za mraba 20. Kwenye lipu ya kawaida, lita moja hufunika kama mita za mraba 8, hivyo mikono miwili ya nyeupe (yaani kupaka mara mbili) hula lita 5. Picha zenyewe hula karibu kiasi hicho hicho. Makopo matatu ya lita 4 yanatosha.

Sasa ukuta, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Lipu mpya ikae siku 28 kabla ya rangi, la sivyo ukali wa saruji unababua rangi. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini itatoa chumvi nyeupe miaka nenda rudi. Chumvi hiyo isuguliwe kwa brashi kavu na kufagiliwa. Ukianza na maji, inayeyuka na kurudi ndani. Ikitokea tena baada ya wiki, tafuteni maji yanakotoka kabla ya kununua hata kopo moja. Kisha praima ya kuzuia alkali (rangi ya kwanza inayokinga ukali wa saruji), mkono mmoja.

Mchoro mdogo wa mfano, kwenye karatasi, uwe sentimita 80 kwa 25, wenye miraba ya sentimita 2. Ukutani kila mraba unakuwa sentimita 20. Chora kwa chaki. Mkaa huchafua rangi nyepesi, na wino wa markapeni hupenya tabaka zote mbili. Anzeni na anga na ardhi, halafu watu, na mistari myeusi mwisho kabisa. Likizo ya Juni ndiyo wakati mzuri, mvua zimekwisha. Jua la saa sita liachwe, rangi hukaukia kwenye brashi.

Makumbusho yanataka ukweli, na watoto hukosea palepale kila mara: korosho huning'inia chini ya bibo, haikai juu yake, na ngalawa ina mirengu (mbao za kando za kuizuia isipinduke) pande zote mbili. Mambo ya jando na unyago waulizwe wazee kabla ya penseli kugusa karatasi, kwa kuwa si yote yanayoonyeshwa hadharani.

Jengo likiwa la kale, la mawe ya matumbawe na chokaa kama yale ya Mikindani, msiguse ukuta kabla ya kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda urithi wa namna hiyo. Chora kwenye plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ipakwe praima mbele, nyuma na hasa kingoni, kwa sababu maji huanzia ukingoni. Ikitundikwa, iachiwe nafasi ya sentimita 2 nyuma yake hewa ipite.

Rangi ikibaki, funga kopo vizuri, andika juu yake ni ya sehemu gani ya picha, na ihifadhiwe kivulini. Marekebisho ya mwaka ujao yatataka rangi ile ile.